Kurt Lewin, mtaalamu aliyegundua kwamba kuzungumza si kuamua

KAMITUGA, Kivu Kusini – Katika mji huu wa dhahabu, habari nzito nyingi hushuka kutoka juu. Ujumbe wa afya hupita kwa kipaza sauti na kwa redio. Amri ya kazi hutoka kwa PDG, jina ambalo hapa Kamituga halimaanishi mkurugenzi wa kampuni kubwa mwenye kuvaa tai, bali mwenye shimo aliyetia pesa zake ardhini na anayengoja dhahabu itoke. Anayepewa ujumbe husikiliza na kuitikia, kisha mara nyingi anaendelea kufanya kama alivyofanya jana.

Mpox ilipogunduliwa Kamituga mwezi Septemba 2023, na aina mpya ya kirusi chake ikatambuliwa hapa kabla ya kuvuka hadi nchi jirani, swali la zamani lilirudi: mtu akishaambiwa hatari iko wapi, kwa nini habadiliki?

Zaidi ya miaka 80 iliyopita, swali hilo hilo lilimshughulisha Kurt Lewin, Myahudi aliyezaliwa katika mji mdogo ambao leo uko Poland na aliyefia Marekani. Wengi humhesabu kuwa mmoja wa waanzilishi wa saikolojia ya jamii, yaani elimu inayochunguza jinsi mtu anavyofikiri na kutenda akiwa kati ya watu wengine. Hakuwahi kufika Kongo. Lakini wazo lake moja lilifika, na lilipopimwa kupitia redio za mashariki mwa nchi yetu, matokeo hayakuwa yale yaliyotazamiwa.

Moyo, figo na asilimia 32

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nyama nzuri ya Marekani ilikuwa inapelekwa kwa wanajeshi. Serikali ilitaka familia zilizobaki nyumbani zile moyo wa ng'ombe, figo na kongosho, vitu ambavyo wanawake wengi wa Marekani hawakutaka hata kuvishika. Msomaji aliyekua akila matumbo kwa fufu anaweza kucheka. Kwao lilikuwa jambo la aibu, chakula cha maskini, na harufu yake jikoni iliwachukiza.

Lewin na wenzake walichukua vikundi sita vya wanawake waliokuwa wakijifunza uuguzi wa nyumbani katika Msalaba Mwekundu, kila kimoja kikiwa na watu kati ya 13 na 17. Vikundi vitatu vilipewa mhadhara mzuri. Walielezwa vitamini na madini yaliyomo, walikumbushwa vita, wakapewa na karatasi za mapishi. Vikundi vingine vitatu havikuhubiriwa. Mwongozaji aliuliza tu: je, wanawake kama ninyi wanaweza kukubali kupika vitu hivi, na ni nini kingewazuia? Wakaanza kutaja wenyewe. Mume atakataa. Watoto watakataa. Nyumba itanuka. Baada ya kikundi kuyamwaga hayo yote ndipo mtaalamu wa lishe alipoingia na mapishi, na mwishoni wanawake wakaombwa kuinua mkono: nani yuko tayari kujaribu wiki hii?

Muda ulikuwa uleule kwa wote, dakika 45. Walipofuatiliwa baadaye, kati ya waliosikiliza mhadhara ni asilimia 3 tu waliokuwa wamepika moja ya nyama ambazo hawakuwahi kuzipika. Kati ya walioamua katika kikundi, ilikuwa asilimia 32.

Jaribio jingine lilifanywa na akina mama waliotoka kujifungua katika hospitali ya jimbo la Iowa. Wengine walifundishwa mmoja mmoja, kwa muda wa dakika 25 kila mmoja, jinsi ya kumpa mtoto juisi ya machungwa na mafuta ya ini la samaki. Wengine waliketi sita sita na kuamua pamoja, kwa dakika hizo hizo 25 wakiwa wote. Mama aliyefundishwa peke yake alipata muda mwingi zaidi wa mtaalamu. Hata hivyo, wiki kadhaa baadaye, walioketi sita sita ndio waliokuwa wakifuata ushauri zaidi.

Lewin alieleza jambo hilo kwa njia ambayo muuza mawese yeyote ataielewa upesi. Desturi ya mtu ni kama kitu kilichoganda. Kwanza lazima kiyeyuke, kisha kihamishwe, halafu kigande tena katika umbo jipya. Mawese yaliyoganda hayahamishwi kutoka chupa hadi chupa kwa kelele. Yanapashwa moto kwanza. Na kwa maoni ya Lewin, moto huo hauko ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Uko katika kikundi chake, kwa sababu mtu huogopa kuonekana tofauti na wenzake kuliko anavyoogopa kukosa vitamini.

Aliona pia kwamba chakula hakifiki mezani chenyewe. Kinapita milango, na kila mlango una mlinzi: anayekwenda sokoni, anayeamua bei, anayepika. Ukitaka kubadilisha kinacholiwa, mtafute mlinzi wa mlango. Katika nyumba nyingi alizozichunguza, mlinzi huyo alikuwa mama.

Mtoto wa muuza duka

Kurt Lewin alizaliwa tarehe 9 Septemba 1890 huko Mogilno, katika jimbo la Posen lililokuwa chini ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa na duka dogo na shamba. Mwaka 1905 familia ilihamia Berlin. Alianza masomo ya udaktari, akayaacha, akajaribu biolojia, mwishowe akaingia falsafa na saikolojia.

Vita ya mwaka 1914 ilimchukua kuwa askari. Alipigana kwa miaka kadhaa na akajeruhiwa. Mwaka 1917, akiwa bado katika vita hiyo, alichapisha makala fupi ambayo huko Kivu pengine ingesomwa kwa makini kuliko mahali popote. Ilihusu jinsi nchi inavyobadilika machoni pa mtu anayekaribia mstari wa mapigano.

Wakati wa amani, aliandika, mandhari hayana mbele wala nyuma. Yanaenea pande zote sawasawa. Lakini ukisogea kwenye vita, ardhi inapata upande. Inakuwa na mbele na nyuma, na mahali fulani inakoma kabisa, kana kwamba ng'ambo ya pale hakuna kitu. Shamba haliwi tena shamba. Linakuwa mahali pa kujificha au mahali pa kupigwa risasi. Nyumba ya mtu, pamoja na meza na milango yake, inageuka kuwa kuni. Askari anayechoma mlango ule si lazima awe mtu mkatili kuliko wengine. Mahali penyewe pamebadilika, na yeye amebadilika napo.

Kutoka hapo lilikua wazo alilolibeba maisha yake yote, na ambalo mwaka 1936 aliliandika kama hesabu: tabia hutokana na mtu pamoja na mazingira yake, si kimoja peke yake. Leo linasikika kama jambo la kawaida. Wakati huo wataalamu wengi walikuwa wanatafuta sababu za matendo ndani ya silika ya mtu, au katika damu ya kabila lake. Wakoloni walilipenda sana jibu hilo la damu, na watu wa Kongo walililipia gharama.

Berlin alikuwa mwalimu aliyependwa. Wanafunzi wake walikaa naye mikahawani kwa saa nyingi. Inasemwa kwamba huko ndiko walikogundua kuwa mhudumu anakumbuka vizuri deni la meza ambayo haijalipa, lakini wakishalipa anasahau. Mwanafunzi mmoja, Bluma Zeigarnik, alilifanyia utafiti na kuuchapisha mwaka 1927: kazi isiyokamilika hukaa akilini kuliko iliyokamilika. Kila mwenye kibanda cha pombe katika mji wa wachimbaji angeweza kumwambia hivyo bure.

Mama aliyebaki

Januari 1933 Hitler alishika madaraka. Lewin alikuwa safarini, akirudi kutoka Marekani kupitia Japani na Urusi. Alielewa mara moja kwamba Myahudi hatakuwa tena na nafasi katika chuo kikuu cha Ujerumani. Mwaka huo huo akahamia Marekani, kwanza chuo kikuu cha Cornell, kisha Iowa mwaka 1935, akianza upya kwa Kiingereza kibovu ambacho wanafunzi wake walikicheka kwa upendo.

Alijaribu kumtoa mama yake Ulaya. Hakufanikiwa kumpatia viza. Mama huyo aliuawa katika kambi ya Wanazi.

Mtu akijua hilo, majaribio ya Iowa hayasomeki tena kama michezo ya watoto. Pamoja na Ronald Lippitt na Ralph White, Lewin aliunda vikundi vya wavulana wa miaka kumi hivi, wakitengeneza vinyago na vitu vingine vya mikono baada ya shule. Kiongozi wa aina moja aliamuru kila hatua. Wa aina nyingine alijadiliana na watoto na kuamua nao. Wa tatu aliwaacha wafanye wapendavyo.

Chini ya kiongozi wa amri, kazi iliendelea, lakini alipotoka chumbani iliporomoka. Wavulana walikuwa wanyonge mbele yake, na baadhi ya vikundi vilimchagua mwenzao mmoja na kumwonea mpaka akaacha kuja. Chini ya kiongozi aliyeamua pamoja nao, kazi iliendelea hata alipotoka. Walioachwa huru bila kiongozi hawakufanya la maana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1939, mwaka ambao Ulaya iliingia vitani. Lewin alikuwa amewaona wavulana wa Marekani, wasio na damu ya Kijerumani, wakimtafuta mtu wa kubebeshwa lawama baada ya kukaa kwa muda chini ya amri.

Kiwanda cha pajama na mawe ya Kamituga

Kuanzia mwaka 1939 Lewin alialikwa katika kiwanda cha nguo cha Harwood, huko Marion, jimbo la Virginia, kilichoshona pajama. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake. Kila mara kazi ilipobadilishwa, hata kidogo, uzalishaji ulianguka, wengine wakaacha kazi, na wasimamizi wakasema wanawake hao hawapendi mabadiliko.

Utafiti maarufu wa kiwanda hicho, wa Lester Coch na John French, ulichapishwa mwaka 1948. Kikundi kimoja kiliambiwa tu: kuanzia leo mtafanya hivi. Vikundi vingine viliketi na wasimamizi, vikaona sababu ya mabadiliko na kusaidia kupanga kazi mpya. Katika kikundi kilichoamriwa, asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40 na uzalishaji haukuinuka. Walioshiriki wote katika kupanga walirudi haraka katika kiwango chao cha zamani, kisha wakakipita, bila mtu hata mmoja kuondoka.

Kamituga imepitia mabadiliko ya aina hiyo, ila hapa hakuna aliyekuja kupima asilimia. Tangu kampuni ya SOMINKI ilipokufa miaka ya 1990, dhahabu imekuwa mikononi mwa wachimbaji wadogo, na kando ya mashimo wamekaa akina mama wanaotwanga mawe kwa vinu vya chuma mpaka yawe unga. Mji umewapa jina lililochanganya Kiswahili na Kifaransa: twangaise. Kazi ni ngumu na vumbi lake huingia mapafuni, lakini imelipa karo za watoto wengi. Katika miaka ya 2010 mashine za kusaga mawe ziliingia. Mashine moja ilifanya kwa saa chache kazi ya akina mama wengi. Kwa mwenye mawe ilikuwa faida. Kwa twangaise ilikuwa habari iliyowakuta tayari imeamuliwa.

Haiwezekani kusema kwamba kikao kingeokoa vinu vile. Mashine ina nguvu zake na fedha ina zake. Kinachoonyeshwa na Harwood ni kidogo zaidi: anayeitwa mkaidi mara nyingi ni mtu ambaye hakuulizwa.

Chumvi ya Kivu

Lewin alifariki kwa ghafla, kwa ugonjwa wa moyo, tarehe 12 Februari 1947, akiwa na miaka 56. Alikuwa ameanzisha kituo cha utafiti wa vikundi katika chuo cha MIT, na alikuwa akifanya kazi na mashirika yaliyopigana na ubaguzi. Wanafunzi wake waliendeleza majadiliano ya vikundi kila mahali: viwandani, mashuleni, hospitalini, na baadaye katika miradi ya amani. Wazo likawa fupi kadiri lilivyosafiri: waketishe watu wazungumze, watabadilika.

Kwa wazo hilo fupi, redio ilionekana chombo kizuri. Shirika la Radio La Benevolencija, lililoanza na mchezo wa redio Musekeweya nchini Rwanda mwaka 2004, lilipeleka kazi ya namna hiyo mashariki mwa Kongo. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck wa chuo kikuu cha Princeton alipima matokeo. Kwa mwaka mzima, maeneo yote ya utafiti yalisikia mchezo wa redio kuhusu jamii zenye migogoro. Baadhi ya maeneo, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, yalisikia pia kipindi cha mazungumzo baada ya mchezo, kilichowahimiza wasikilizaji wajadiliane na wajaribu kuona mambo kwa macho ya upande wa pili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Waliosikia kipindi cha mazungumzo walijadiliana zaidi, kama ilivyokusudiwa. Lakini walikuwa na uvumilivu mdogo zaidi kwa wengine. Walikumbuka zaidi maovu waliyotendewa. Mwishoni kila aliyehojiwa alipewa mfuko wa chumvi kama shukrani, kisha akaulizwa kama yuko tayari kutoa sehemu yake kwa watu wa jamii asiyoipenda. Waliohimizwa kuzungumza ndio waliokataa zaidi kugawa chumvi.

Kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye barza ambapo habari za vita zinaanza taratibu na kuishia katika hesabu ya wafu wa kila upande, hilo si ajabu kubwa. Jeraha likifunuliwa bila dawa, linauma tu.

Je, Kivu ilimkanusha Lewin? Inafaa kurudi kwenye dakika zile 45 za Msalaba Mwekundu. Wanawake wale hawakujadili tu. Walikuwa wachache, walijuana, walikuwa na mwongozaji aliyeketi nao, swali lao lilikuwa moja na dogo, na mwishoni waliinua mikono huku kila mmoja akiwaona wenzake. Pia waliambiwa kwamba wataulizwa baadaye, jambo ambalo waliosikia mhadhara hawakuambiwa. Wakosoaji walilishika hilo, na Lewin mwenyewe alilijadili. Yeye aliandika juu ya uamuzi wa kikundi. Neno uamuzi ndilo lililodondoka njiani.

Kuna ushahidi wa zamani unaolisema hilo waziwazi. Mwaka 1955 Edith Bennett alichapisha utafiti uliotenganisha vipande vya jaribio la Lewin kimoja kimoja. Majadiliano peke yake hayakuzidi mhadhara. Kilichofanya kazi kilikuwa mambo mawili: mtu kuamua, na mtu kuona kwamba wenzake karibu wote wameamua hivyo hivyo. Kipindi cha redio, hata kikiwa kizuri namna gani, hakimpi msikilizaji hata kimoja. Anabaki na hasira yake na jirani anayekubaliana naye.

Rwanda, ambako Paluck alifanya kazi kabla ya Kongo, watu walikaa katika vikundi kusikiliza mchezo wa redio pamoja. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio na betri zake. Katika vikundi vilivyosikiliza kipindi cha afya, mara nyingi vitu hivyo viliachwa mikononi mwa kiongozi wa mtaa. Vilivyosikiliza mchezo wa maridhiano vilielekea zaidi kukaa na kupanga wenyewe nani atashika nini.

Kivu Kusini haihitaji kusubiri mtaalamu ili kuona tofauti hiyo. Vikundi vya akiba vinavyoitwa AVEC vipo kwenye mitaa na vijiji vingi vya jimbo, na wengi wa wanachama ni akina mama. Kila kikao, mmoja baada ya mwingine huitwa na kutaja mbele ya wenzake hisa atakazonunua siku hiyo. Fedha huhesabiwa zikionekana, kisha huwekwa kwenye sanduku la chuma. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti.